Mikono Nitaiweka Wapi

Birindwa wa studio ya Nyawera alinipigia simu Jumanne:
Mama Nankafu, sikiliza vizuri.
Usivae mistari, inacheza machoni mwa kamera.
Usivae nyeupe tupu.
Kunywa maji mengi. Lala mapema.

Nikacheka mpaka Cishugi akatoka jikoni kuuliza kulikoni.
Lala mapema!
Miaka thelathini na mmoja nazalisha hapa Kadutu,
sijapata kuona mtoto aliyechagua kuja saa nne asubuhi,
watu wameshakunywa chai.
Na nyeupe tupu ndiyo nguo niliyo nayo.

Foto ni ya hospitali.
Mwezi wa sita naacha kazi, na wanataka kunitundika ukutani
kwenye korido ya maternite,
kati ya ratiba ya chanjo na saa iliyosimama.
Foto rasmi, walisema. Peke yako.

Peke yangu.
Nikamwaga bahasha ya foto kitandani, nikajitafuta.
Hapa arusi ya Mugisho: mimi ni bega.
Hapa ubatizo: mimi ni kiwiko na kitambaa cha njano,
kichwa kimebaki nje ya karatasi.
Hii, mwaka tuliorudi kutoka Walungu, nimefumba macho
kama anayesali
au anayedaiwa.
Zilizobaki zote nimebeba mtoto wa mtu,
na aliyepigwa foto ni mtoto.

Kitenge changu cha heshima kina jogoo wawili
wanaopigana kifuani.
Jogoo si mistari. Nikakifua Alhamisi,
mvua ikakifua tena Ijumaa.
Umeme hakuna. Nikaazima pasi ya makaa kwa jirani,
nikaipuliza, nikaipitisha polepole
pembeni mwa mkia wa jogoo wa kushoto,
kule ulikoungua zamani.
Msusi akaniuliza, mvi tuzitie dawa?
Elfu nane franga.
Kwa elfu nane, nikamwambia, nyumba nzima inakula sambaza.
Ziache zionekane, hazijaiba.

Usiku Cishugi akashika tochi ya simu,
nami nikakaa kwenye kigoda kufanya mazoezi ya kuwa mtu anayetazamwa.
Bibi, toa meno.
Bibi, si yote.
Bibi, usikunje uso hivyo, unakuwa kama unamwambia mtu
sukuma.

Lakini huo ndio uso wangu, mtoto wewe. Sina mwingine.

Kisha ikaja shida ya mikono.
Nikaiweka magotini: shemasi.
Nikaikunja kifuani: polisi wa barabarani, jogoo wakapotea.
Nikaiachia: nguo mbichi kwenye kamba.
Nikachoka, nikasahau kidogo,
nikamwuliza Cishugi kama mlango umefungwa,
na nilipoangalia chini ilikuwa imejipanga yenyewe,
wa kushoto chini, wa kulia juu,
katikati nafasi ya kilo tatu.
Hapakuwa na kitu.
Cishugi akazima tochi. Akasema, chaji inaisha.

Jumamosi nikateremka ngazi za udongo,
viatu mkononi, jogoo ndani ya mfuko wa plastiki.
Mama mmoja muuza lengalenga akapaza sauti:
Munganga, mapacha wako wapo darasa la tano!
Wangu. Nimewahesabu wangapi hivyo, wangu?
Nikanunua fungu moja ili nisilie.

Na sasa nipo hapa, mgongo umenyooka,
lengalenga chini ya kiti,
taa mbili zinanichoma kama jua la saa sita,
na Birindwa anazunguka na kamera yake,
Birindwa aliyetanguliza miguu usiku wa mvua,
aliyekataa kulia mpaka nikampiga kofi mbili.
Anainama, ananiangalia usoni.
Mama, usiogope, ananiambia.
Legeza mabega.
Pumua.

Mimi!

Napumua.
Mikono bado sijui.